Siku Odiel Aliposema Shuka

Pale Leemkapelle ukiulizia kwa Odiel Verstuyft utaoneshwa nyumba tatu nne, maana Verstuyft wamejaa. Ulizia kwa Odiel Hashuki, na hata mtoto wa chekechea atakupeleka mpaka mlangoni. Jina hilo alilipata angali kijana, na alilipenda kuliko lile la ubatizo.

Sasa nielewe vizuri, maana neno lenyewe ndilo kisa chote. Huku kwetu Flanders, baridi ikishakaza na biti za sukari zikishang'olewa mashambani, watu wenye akili zao wangejifungia ndani na kikombe cha kitu cha moto. Sisi tunawatoa watoto nje, tunawapandisha baiskeli, tunawaachia kwenye matope washindane. Njia yenyewe tunaitafutia ubaya kwa makusudi: kilima hapa, mchanga pale, mtaro, mbao za kuruka. Kuna mahali hapaendesheki hata ufe. Hapo mtoto anaruka chini, anaitia baiskeli begani, anakimbia nayo. Na sisi wa nyuma ya kamba tunamkumbusha kwa kelele: "Begani!" au "Kwa miguu!" Lakini hakuna mtu, hata mlevi, atakayepiga kelele "Shuka!" Kushuka kwetu ni kitu kimoja tu. Ni kuacha. Ni kuinama chini ya kamba wenzako wakiendelea, na kwenda zako kwa mama. "Yule ameshuka," watu husema kwa sauti ya chini, vile wanavyomsema mtu aliyefukuzwa kazi kwa wizi.

Odiel hakuwahi kushuka. Ujanani alianguka katika mashamba haya haya, kifundo cha mkono wa kushoto kikavunjika, akapanda tena akamaliza kwa mkono mmoja. Alifika wa mwisho, kiza kimeshaingia na wenye kazi wameanza kukunja kamba, lakini alifika. Mfupa uliunga kombo. Mpaka leo mkono ule haufungi ngumi. Hawezi kukamua tambara, na chupa ya jemu anafunguliwa na mkewe. Lakini mpeleke baani umnunulie bia moja, utaona anavyouweka juu ya meza kila mtu auone.

Na maisha yake yote aliyaendesha hivyo hivyo. Aliendesha lori la biti kila msimu, homa kwake haikuwa homa, na hata baada ya kustaafu alikuwa akiitwa siku moja moja anakwenda. Mwaka mmoja alipanda paani kuziba mfereji wa maji, ngazi ikaanguka. Majirani walikuwa wanapita chini, angeita tu. Hakuita. Alikaa juu huko mpaka mkewe, Godelieve, aliporudi kutoka kanisani.

"Hata paani hakushuka," Godelieve husimulia akicheka mpaka anashika meza. "Nimeolewa na bomba la moshi."

Lakini kuna kisa kimoja Godelieve hakisimulii. Mwana wao wa pekee, Bavo, alipokuwa na miaka kumi na mitano, siku ya mvua ya barafu, alifika juu ya mteremko tunaouita Shimo la Ndama, akasimama, akashuka. Akainama chini ya kamba mbele ya kijiji kizima. Odiel alikuwa amesimama palepale. Hakumgombeza. Aliichukua baiskeli akaitia garini, na hakusema na yule kijana mpaka msimu wa biti ulipokwisha. Walikula meza moja. "Mwambie mwanao anisogezee chumvi," Odiel alikuwa anamwambia mkewe, na Bavo, aliyekaa mkabala naye, anaisogeza chumvi bila kuinua macho.

Bavo akakua, akawa fundi umeme, akaoa, akapata binti. Kabla binti hajajua kuandika jina lake, Bavo alishamnunulia baiskeli. Watu wakasema, anamtafutia baba yake kitu alichoshindwa kumpa mwenyewe. Watu wana maneno, lakini safari hii sikuwapinga.

Binti huyo ndiye Fenne. Siku ninayoisimulia alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, na pengo la meno ya mbele, na domo lisilofungwa nyumbani. Kwenye baiskeli alikuwa hatari. Babu yake ndiye aliyemfundisha: jinsi ya kuruka chini bila kupunguza mwendo, jinsi ya kusoma matope kwa macho, upepo wa tairi uwe kiasi gani ukibonyeza kwa dole gumba. Na sasa ilikuwa Jumapili ya Januari, mashindano ya watoto ya jimbo, yakifanyika kwetu kwenyewe. Watatu wa mwanzo wangevalishwa jezi ya jimbo. Leemkapelle haijawahi kumvalisha mtu jezi ile. Odiel mwenyewe alikuwa anaikimbilia siku alipovunjika.

Asubuhi ile Fenne hakugusa chapati za maji. Alikaa mezani kwa bibi yake, mikono kaikalia.

"Hebu lete mikono yako," Godelieve akasema. Mtoto akaitoa shingo upande. Vidole vilikuwa vyeupe kama mshumaa, kuanzia ncha mpaka katikati. "Odiel! Njoo uone vidole vya huyu mtoto."

"Nimeviona."

"Umeviona wapi na umenipa mgongo?"

"Ni vidole vya Verstuyft hivyo. Akianza kukanyaga pedali damu itafika yenyewe."

"Tuko jikoni, mzee wewe, na jiko linawaka! Akitoka nje itakuwaje? Tangu Krismasi vinakufa ganzi hivi. Juzi hakuweza kufunga zipu."

"Godelieve, leo si siku ya kumtia mtoto woga."

"Viko sawa, bibi," Fenne akasema, akaikalia tena.

Godelieve alimtazama mumewe, akachukua kitambaa, akafuta meza ambayo ilikuwa safi. Miaka yote ile alishajua lini anasema na ukuta.

Garini Bavo aliendesha, Odiel kando yake, Fenne na bibi nyuma. Barabara ilikuwa na matope ya malori yaliyoganda, gari linaruka ruka.

"Babu."

"Naam, mama."

"Ile siku uliyovunjika mkono. Hukutaka kushuka hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Hata kwa siri? Moyoni tu?"

"Moyoni ndiko kabisa sikutaka," Odiel akajibu, akageuka amkonyeze. Mtoto hakukonyeza. Alikuwa anamtazama kama mtu aliyeuliza njia akaoneshwa ukuta. Bavo aliangalia kioo, akafungua redio.

Uwanjani palikuwa pameshajaa. Moshi wa soseji na vitunguu, watu wanapiga miguu chini kujitafutia joto, mbwa wamevishwa masweta. Firmin, mtangazaji wetu, alikuwa amepanda juu ya tela la trekta na kipaza sauti, na glasi mbili tatu za jeneva, pombe kali ya huku kwetu, zimeshampitia.

"Na huyu hapa, mabibi na mabwana! Mjukuu wa Odiel Hashuki! Huyu msimwonee huruma, huyu mpaka umtoe kwenye baiskeli kwa winchi!"

Watu wakacheka, Odiel akainua mkono wake mbovu kuwapungia. Moyo ulimjaa, kwa nini nikufiche. Alimpaka Fenne miguu mafuta ya kuchua, yale yanayonuka kambi nzima, akaisugua mpaka ikawa myekundu. Mikono hakuigusa. Alimvisha glavu, akaona kwamba mtoto hakuvisukuma vidole mwenyewe, alingoja aingiziwe kimoja kimoja kama mtoto mchanga. Aliliona hilo. Akaliacha lipite.

"Ukifika Shimo la Ndama," akamwambia, "breki mapema, uzito nyuma, macho usitazame mtaro. Unakotazama ndiko unakokwenda. Umenisikia?"

"Utakuwa pale?"

"Nitakuwa pale pale juu. Kila mzunguko."

"Basi," akasema Fenne.

Shimo la Ndama lilipata jina kwa ndama aliyezama huko zamani. Ni mteremko mkali, na chini yake njia inakata kushoto ghafla kando ya mtaro wa maji. Ukikosa kona, mbele yako kuna mierebi iliyokatwa vichwa, imebaki magogo. Walikuwa wameifunga marobota ya majani makavu, lakini usiku ule yaliganda, ukiyagonga yanajibu kama ukuta. Katika mbio za wavulana, kabla ya zamu ya kina Fenne, mtoto mmoja aliteleza akalipata gogo kwa kidevu. Walimpitisha mbele ya Odiel kwenda kwenye hema la huduma ya kwanza, damu imeganda juu ya jezi, mama yake anamfuata akiwa amebeba kiatu kimoja. Watu wakapisha, kisha wakaziba nafasi zao tena.

Bavo alikaa kule kwenye mashine za kuoshea baiskeli, pale mtoto anapobadilishiwa iliyojaa tope, ameshika baiskeli ya akiba. Godelieve alibaki garini na chupa ya chai. Odiel akasimama juu ya mteremko, karibu na Achiel jirani yake, mikono mfukoni.

Filimbi ikalia.

Ilikuwa mizunguko minne. Wa kwanza wasichana walikuja wamebanana, mvuke unawatoka vinywani, na mbele kabisa Silke Baeyens, binti wa watu wa ng'ambo ya mfereji, anayekanyaga kama mashine ya kushonea. Nyuma yake mmoja wa kaptura ya kijani. Kisha Fenne. Wa tatu! Wa tatu ni jezi. Alifika juu, akabana breki, akarudisha uzito nyuma, akaenda chini vizuri kabisa, akakata kona.

"Safi! Safi sana, Fenne!" Odiel akapiga kelele mpaka koo likauma.

"Leo tunalewa," akasema Achiel.

"Subiri kwanza."

Mzunguko wa pili theluji ikaanza, ile kavu inayochoma macho. Fenne alikuja wa tatu bado, lakini breki zilichelewa. Mtu asiyejua baiskeli asingeona. Gurudumu la mbele likateleza, akaenda upande, bega likagonga robota, mguu mmoja ukavunja barafu ya mtaro. Watu wakaguna, "Ooh!" Akajinyanyua, akakanyaga, akaenda.

"Huyu leo hana breki," akasema Achiel, "ama ana roho ya paka."

"Ana roho," akasema Odiel.

 Lakini kuna kitu alikiona pale juu, na sasa hakuweza kukitoa machoni. Vidole vya mtoto havikuwa juu ya breki. Vilikaa wima, vimekakamaa, vimeelekea mbele, na breki alikuwa anaibana kwa kiganja, kule chini karibu na kifundo, kwa kuegemeza uzito wa mwili. Hakuna anayefundisha mtoto kubana breki hivyo. Odiel alikuwa anabana hivyo. Kwa mkono wake wa kushoto, tangu ulipokufa, miaka yote. Alikuwa amesimama na mkono ule mfukoni, akahisi unamuuma kwa mara ya kwanza tangu sijui lini.

Vidole vyake havisikii kitu, akajiambia. Anakuja huku hana mikono.

Bado mizunguko miwili. Jezi iko pale pale. Mtoto amegonga robota na hakuumia. Atamudu. Verstuyft huyu. Hivyo ndivyo alivyokuwa anajisemea, na kila alipojisemea macho yake yalikwenda kwenye lile gogo ambalo robota lake lilishasogezwa na bega la Fenne. Gogo lilibaki wazi, na hakuna aliyeteremka kulirudisha robota mahali pake.

"Rudisheni robota lile!" akapiga kelele. "Nyie! Robota!"

"Wanakuja, mzee, toka njiani!" akajibiwa.

Walikuwa wanakuja kweli. Silke Baeyens akapita, akateremka. Wa kaptura ya kijani akapita, akateremka, akayumba, akapona. Nyuma akatokea Fenne. Na nyuma yake, mita chache tu, wawili wengine wanamkimbiza.

Alikuwa amepigana na glavu moja kwa meno mpaka ikamtoka. Imening'inia mdomoni, kisha ikaanguka. Vidole vilivyobaki wazi vilikuwa rangi ya mshumaa ule ule wa jikoni. Midomo ya buluu. Na alikuwa hatazami njia. Alikuwa anamtazama babu yake.

Hapo ndipo Odiel alipokumbuka kitu ambacho hajawahi kumwambia mtu, wala mkewe, na ambacho alikikanusha asubuhi ile ile garini. Siku aliyovunjika mkono, kila alipopita kwenye mierebi alimtafuta baba yake kwa macho. Baba yake alisimama pale na kiko chake mdomoni. Na Odiel kila mzunguko alikuwa anaomba, kwa moyo wote, alitoe lile neno lisilosemwa. Aseme tu. Mzee alitoa kiko, akakipiga piga kwenye kiatu, akakirudisha mdomoni.

Fenne amefika ukingoni.

Mpaka kesho Odiel angeapa mbele ya msalaba kwamba alitaka kusema "Kwa miguu!" Kwamba alitaka mtoto aruke chini, ateremke mbio na baiskeli begani, apande tena kule kwenye kona salama, jezi isipotee. Alivuta pumzi kwa ajili ya hayo. Kilichotoka ni kingine.

"Shuka! Fenne, shuka!"

Mwenzangu, ungewaona watu. Achiel aligeuka akamtazama kana kwamba mzee amevua nguo. Mwanamke mmoja mwenye soseji alibaki na mdomo wazi.

Fenne aliegemea breki kwa viganja vyote viwili. Baiskeli ikajipinda, ikasimama, gurudumu la mbele limeshatokeza juu ya mteremko. Akaweka mguu chini. Akashuka.

Haya, begani sasa, akasema Odiel moyoni. Begani, kimbia, bado uko wa tatu.

Mtoto hakuiweka begani. Alisimama kaegemea usukani, anatetemeka, theluji inamwangukia kwenye kope, akauliza kwa sauti ndogo ambayo ungeitumia kanisani:

"Kweli, babu?"

Wale wawili wakampita. Mmoja alichukuliwa na mteremko, akaanguka chali chini kule, akainuka, akaokota baiskeli, akawa anapambana na cheni. Nafasi ilikuwepo bado! Odiel aliiona kama anavyoona kiganja chake. Neno moja tu: kimbia. Mtoto huyu angekimbia, alikuwa hajawahi kukataa neno lake. Angepata hata wa tatu. Alifungua mdomo alitoe.

Kisha akautazama uso wa Fenne. Hakuwa na huzuni hata kidogo. Uso ulikuwa umeanza kulegea, taya imeacha kukaza, kama wa mtu aliyeambiwa aweke chini ndoo aliyoibeba kutoka mbali, na sasa anangoja kuhakikisha kwamba amesikia sawa.

"Kweli," akasema Odiel. "Shuka, mama."

Fenne akaiacha baiskeli ianguke. Akainama chini ya kamba, watu wakampisha, akaja mpaka kwenye koti la babu yake akaweka paji la uso pale.

"Nilidhani hutasema kamwe," akasema ndani ya koti.

"Ulikuwa unangoja niseme?"

"Kila Jumapili. Nikifika ulipo huwa nakutazama. Wewe unasema safi, safi sana."

Jamani! Odiel alipigwa na mengi katika maisha yake, lakini sidhani kama kuna kilichompata kama hicho. Alifungua koti, akafungua sweta, akaichukua mikono ile akaitia makwapani mwake, ngozi kwa ngozi. Ilikuwa baridi mpaka akaguna.

Kutoka kwenye tela sauti ya Firmin ilisikika, imesita. "Namba... hapa naambiwa... mjukuu wa Odiel..." Akakohoa. Hata kwenye kipaza sauti alishusha sauti, mazoea bwana. "Ameshuka, mabibi na mabwana."

Bavo alikuja mbio akikata katikati ya shamba, ameiburuta ile baiskeli ya akiba, safi, haijaguswa na tope.

"Ameumia? Ameumia wapi?"

"Hajaumia," akasema Odiel.

"Sasa imekuwaje? Alikuwa wa tatu! Baba, alikuwa wa tatu! Nani kamwambia ashuke? Ni nani huyo mpumbavu? Nimesikia kabisa mtu anapiga kelele, nani alisema?"

Achiel akatazama viatu vyake. Fenne akainua kichwa kidogo kutoka kwenye koti.

"Babu," akasema.

"Babu nini?"

"Babu ndiye alisema."

Bavo akamgeukia baba yake. Na Odiel akaona mlango uko wazi mbele yake, mpana wa kutosha lori. Angeweza kusema ulimi uliteleza. Ilikuwa kweli, au karibu na kweli. Angeweza kusema mtoto alisikia vibaya, wakacheka, wakalaumu kelele, na jina lake likabaki mahali pake.

"Mimi," akasema. "Nilisema shuka, akashuka."

 Bavo pua ilikuwa inamtoka maji kwa baridi na hakuifuta. Kule chini kengele ya mzunguko wa mwisho ilianza kulia, na watu wote wakawa wanakimbilia mstari wa kumalizia, wakawaacha wao watatu juu ya mteremko, na Achiel ambaye hakujua aende wapi, kisha naye akaenda.

"Nilisimama palepale," akasema Bavo. Akaonesha kwa kidole mahali ambapo baiskeli ya Fenne ilikuwa imelala. "Na wewe ulisimama hapo hapo. Sikuwa nasikia miguu yangu, baba. Nilikuangalia."

"Najua."

"Hukusema."

"Sikusema."

"Neno moja. Ningemaliza hata mbio kumi baada ya hapo kama ungelisema."

Odiel alitaka kumwambia habari za kiko, na za mierebi, na kwamba yeye naye hakuambiwa. Ilikuwa imefika kwenye meno. Lakini aliona hilo si jibu la alichoulizwa, akalimeza.

"Ulishuka peke yako," akasema. "Mtoto wa miaka kumi na mitano, ukashuka peke yako, na mimi nikakununia kwa chumvi." Akalivuta koti limfunike Fenne mgongo. "Nilikosa, Bavo."

Hapo Fenne akaanza kulia. Ni damu ilikuwa inarudi. Mtu ambaye vidole vyake havijawahi kufa na kufufuka hajui maumivu yale. Ni moto, na hauna pa kukimbilia.

"Babu inauma! Inauma, inauma!"

"Najua, mama. Lia. Lia kwa nguvu."

"Verstuyft hawalii, ulisema..."

"Nilisema mengi. Lia tu."

Akalia kwa sauti mpaka mbwa mmoja kule kwenye hema akajibu. Odiel alimshika kwa mkono wa kulia sawasawa, lakini ule wa kushoto haufungi, na mkono mmoja wa mtoto ulikuwa unaponyoka kwapani kila alipojitikisa, unarudi nje kwenye theluji. Alijaribu kuubana kwa kiwiko, ikashindikana. Alijaribu tena.

Bavo aliitazama mikono hiyo miwili, ule mdogo na ule mbovu. Akailaza baiskeli safi kwenye matope. Akafungua zipu ya koti lake, akasogea mpaka bega lake likagusana na la baba yake.

"Nipe huo," akasema. "Wewe shika mwingine."